Siku Niliyosema Shule Itahumula

Ilikuwa saa nne kasorobo asubuhi, siku ya Jumamosi, mwalimu mkuu alipoweka kalamu chini na kusema, "Ishirini na wanane." Saa hiyo naijua kwa hakika. Afisa elimu aliyetoka Bukoba alikuwa ameketi karibu na mahali niliposimama, mkono wake wa kushoto juu ya meza, na saa aliyoivaa ndiyo ya kwanza niliyowahi kuisoma bila kusaidiwa. Mshale mfupi ulikuwa karibu na kumi, mrefu kwenye tisa. Nikavuka upande wa pili wa uso wa saa, kama tulivyofundishwa, nikapata saa nne kasorobo. Nilifurahi kwamba nimepata. Walihitajika watoto thelathini na watano, na sikujua kwamba wale saba waliokosekana nimewakosesha mimi.

Nimeyakumbuka haya kwa sababu ya harufu. Wiki mbili zilizopita mgeni aliniletea kahawa ya kutafuna, ile inayochemshwa na majani ya porini kisha ikaanikwa juani, imefungwa ndani ya jani kavu la mgomba. Nilipolifungua jani, harufu ile chungu, yenye moshi kidogo, ilinirudisha kwenye nyumba saba za ng'ambo ya rweya, bonde la majani la kwetu, nikiwa mtoto wa darasa la tatu. Aliyeileta nitamtaja mahali pake.

Shule yetu ilikuwa kwenye mji mdogo wa kando ya barabara, upande wa Kagoma: maduka manne, ghala la ushirika, kanisa, na majengo mawili ya mabati. Jengo la kwanza lilikuwa la darasa la kwanza hadi la nne. La pili lilikuwa la darasa la tano kwenda juu, nasi tuliliita shule ya kati, ingawa kwenye karatasi za ofisini jina hilo lilikuwa limekwisha kufutwa. Redio ya siku hizo ilizungumza kila jioni juu ya ujamaa na kujitegemea. Sisi watoto tulielewa kwamba kujitegemea ni kupalilia mahindi ya shule, kwa kuwa mwalimu alilitaja neno hilo kila alipogawa majembe.

Mwisho wa darasa la nne kulikuwa na mtihani, na mtihani ule ulikuwa kama chekecheke lenye matundu madogo. Mwaka ninaouzungumzia, watoto wa eneo letu lote waliofaulu walikuwa thelathini na sita. Mmoja alichukuliwa na seminari. Wakabaki thelathini na watano kamili. Na ofisi ya elimu ilikuwa imekwisha kusema kwamba darasa la tano lisilofikisha watoto thelathini na watano halitapewa mwalimu. Watoto wake watapelekwa shule nyingine, ya mbali, ya kulala.

Dada yangu Kemilembe alikuwa mmoja wa hao waliofaulu. Tata, ndivyo tulivyomwita baba, alikuwa amesema neno lake siku matokeo yalipofika. "Ya hapa, atasoma. Ya kulala, hapana. Sina fedha ya godoro wala sina binti wa kupoteza." Hakuwa mtu wa kurudia neno, wala wa kulirudisha. Kwa hiyo hesabu haikuwa ngumu. Wakifika thelathini na watano, Kemi anasoma. Wakiwa thelathini na wanne, Kemi anabaki kwenye kibanja chetu, anapalilia migomba na kungoja mchumba.

Watoto saba kati ya wale waliofaulu walikaa ng'ambo ya rweya, yaani lile bonde la majani matupu linalotenganisha kijiji na kijiji. Wao walikuwa Walutheri, sisi Wakatoliki, na walikuwa wamesoma shule yao ndogo iliyoishia darasa la nne. Mwalimu wao alikuwa amehamishwa, hivyo hapakuwa na mtu wa kuwaarifu kuhusu siku ya kuandikishwa. Jumatano mwalimu mkuu aliniita ofisini.

"Koku, wewe husahau?"

"Sisahau, mwalimu."

"Ndiyo maana nakutuma. Barua ikilowa haisomeki. Wewe hata ukilowa unasomeka."

Akanipa ujumbe, nami nikaurudia mbele yake mara mbili bila kukosea: "Wazazi walete watoto waliofaulu Jumamosi saa mbili, waandikishwe mbele ya afisa elimu. Wasipofika thelathini na watano, shule ya kati itafungwa."

Sasa, ilikuwa mwisho wa Novemba. Mtoto yeyote anajua shule inafungwa mwisho wa Novemba. Tulikuwa tunahesabu siku. Tuliimba kwamba shule inafungwa, tuliandika ubaoni kwamba shule inafungwa, na senene, wale panzi wa kuliwa, walikuwa wameanza kuanguka. Niliona kwamba mwalimu mkuu anawaambia wazazi jambo jepesi na jema: watoto wakiwa wengi, wataandikwa, wakiwa wachache, watapewa likizo.

Kamusi niliyonayo mezani, ya kwanza niliyowahi kumiliki, imepoteza jalada lakini ukurasa wa neno "funga" bado upo. Mlango hufungwa, mzigo hufungwa, mwizi hufungwa, muumini hufunga, timu hufungwa mabao. Shule pia hufungwa, kwa namna mbili. Mimi niliijua moja.

Hata hivyo Kiswahili peke yake kisingeleta madhara. Ningeyafikisha maneno jinsi yalivyo, wakubwa wangeyaelewa kwa ukubwa wao. Tatizo lilianzia nyumba ya kwanza, kwa Ma Eliesheba, bibi aliyekuwa akimlea mjukuu wake aliyefaulu. Alinisikiliza hadi mwisho kisha akasema, "Sema Kihaya, mwanangu. Kiswahili chako kinapita juu ya kichwa changu kama korongo."

Nikasema Kihaya. Nikasema watoto wasipofika thelathini na watano, shule itahumula. Kuhumula ni kupumzika: mtu aliyebeba mkungu wa ndizi kichwani huutua kando ya njia, akakaa, akahumula. Kihaya kina neno lake la kufunga mlango, na nililijua vizuri. Sikulitumia kwa sababu sikuona mlango wowote.

"Mwalimu wenu ana huruma," akasema Ma Eliesheba. "Basi ihumule. Watoto wamechoka, na senene hawangoji mtu."

Akafunua kikapu chake kidogo chenye mfuniko, akanipa punje mbili za kahawa. Kwetu mgeni aliyeleta habari hapewi maneno matupu. Anapewa kahawa atafune, na akishatafuna, habari yake imepokewa. Sikuwa nimewahi kupewa. Nyumbani watoto tulikuwa tunapitisha kikapu tu kwa wakubwa. Niliitafuna kahawa ile huku machozi yakinilenga kwa uchungu wake, nikajiona nimekuwa mtu mzima.

Nilipita nyumba zote saba. Katika zote nilisema Kihaya bila kungoja kuombwa, maana nilikuwa nimeona kinavyopokewa. Katika zote nilipewa kahawa. Nyumba ya mwisho ilikuwa ya Ta Zakaria, mtu mrefu aliyekuwa mzee wa kanisa lao, na binti yake Naomi alikuwa amefaulu kuliko wote wa ng'ambo ile. Yeye peke yake aliniuliza.

"Una hakika itahumula?"

"Nina hakika, Ta Zakaria."

"Wewe mtoto wa shule, una hakika?"

"Ndivyo alivyosema mwalimu."

"Mpaka lini?"

Hilo sikuwa nimeambiwa. Lakini nilikuwa nimekwisha kutafuna kahawa yake, na mjumbe asiyejua jibu niliona si mjumbe. Nikasema, "Mpaka itakapofunguliwa."

Akamgeukia Naomi, aliyekuwa amesimama mlangoni na ndoo ya maji. "Kama ni hivyo, utakwenda kwanza Bilele, kule Bukoba mjini, kwa shangazi yako, ukamsaidie na yule mtoto mchanga." Naomi alinitazama mimi, kisha akaitua ndoo. Nilirudi nyumbani kama mtu aliyevuna.

Ndivyo ilivyofika ile Jumamosi, saa nne kasorobo, watoto ishirini na wanane wamepanga mstari na wazazi wao pembeni. Kemi alikuwa wa tatu, amevaa gauni lililopigwa pasi ya mkaa, kola imesimama. Afisa elimu alikuwa mtu mpole, mwenye miwani. Alisema kwa upole vilevile, "Mwalimu, mimi naondoka saa tisa. Nikishafunga orodha, imefungwa."

Mwalimu mkuu akaniita mbele ya watu wote. "Koku. Ulifika nyumba zote saba?"

"Zote, mwalimu."

"Ulisemaje?"

Nikayatoa maneno yake yote kwa Kiswahili, neno kwa neno, pamoja na saa mbili na afisa elimu na thelathini na watano. Sikukosea hata herufi. Akatikisa kichwa. "Ndivyo nilivyosema," akamwambia afisa. "Basi hawataki." Afisa akavua kifuniko cha kalamu yake.

Ndipo Kemi alipotoka kwenye mstari. Hakutoka kwa haraka. Akaja hadi nilipo, akainama, akaniuliza taratibu, "Na kwa Kihaya ulisemaje?"

"Nilisema itahumula."

Mzazi mmoja nyuma akacheka. "Kumbe shule imechoka kutubeba," akasema, na wengine wakacheka naye. Mwalimu mkuu alifumba macho. Kemi hakucheka. Uso wake ulibadilika rangi, nami kwa mara ya kwanza nikaona kwamba mlango ulikuwepo muda wote, na kwamba dada yangu amesimama upande wake wa nje.

Akamgeukia afisa, akamwita kwa neno letu la heshima. "Waitu, tukiwaleta kabla ya saa tisa, utawaandika?"

"Wakija na wazazi wao, nitawaandika."

"Twende," Kemi akaniambia.

Nilitaka kukimbia. Akanishika mkono. "Usikimbie. Ukikimbia utachoka, na wewe ndiye utakayesema."

"Kwa nini usiseme wewe?"

"Kwa sababu kahawa ulikula wewe."

Rweya ilikuwa imejaa watu. Mvua ilikuwa imenyesha alfajiri, senene walikuwa wamelala kwenye majani, na vijiji viwili vilikuwa vimeinama vikiwaokota na kuwatia kwenye chupa na vibuyu. Sisi wasichana tulikuwa tunawakamata, tunawachambua, tunawakaanga, wanaume wanakula. Mwanamke hakuruhusiwa kuwaonja. Kijana mmoja mwenye kibuyu kikubwa alituona. "Wakatoliki wameishiwa senene wao," akasema kwa sauti ili wenzake wasikie. "Sasa wanakuja kwa wetu."

"Wako kaa nao," Kemi akamwambia. "Wewe ulifaulu au hukufaulu?"

"Nilifaulu."

"Basi kamwite baba yako, aje shuleni nawe sasa hivi. Huyu hapa atakwambia kwa nini."

Nikamwambia. Nilitumia lile neno jingine, la mlango. Nilidhani kulisema mara moja ndiyo kazi, kisha nikaona kwamba kila mtu anayelisikia ananitazama upya, kana kwamba amemwona mtoto mwingine ndani yangu. Yule kijana aliacha kucheka. Alimwachia mdogo wake kibuyu, akaenda mbio.

Ma Eliesheba alikuwa uani, anachambua mabawa. Nilisimama mbele yake nikasema. Aliacha kuchambua, mikono imejaa mabawa.

"Mwanangu, neno la leo na neno la juzi hata si ndugu."

"Ndiyo, Ma."

"Na kahawa yangu ulikula."

"Nilikula, Ma. Nilikosea."

Akainuka, akakung'uta kanga yake. "Nisubirini nivae gauni la kanisani. Siwezi kwenda kwa mtu wa Bukoba na mabawa ya senene."

Nyumba ya tatu baba alikasirika, akasema watoto wa siku hizi wamepewa Kiswahili kabla ya akili. Kemi akamwambia, "Ni kweli, waitu, lakini njoo," naye akaja. Nyumba ya tano hapakuwa na mtu, tukawatafuta kwenye rweya hadi tukawapata. Kufika saa saba tulikuwa na sita. Nikaanza kupumua. Nilijua aliyebaki ni Naomi, na Naomi alitaka kusoma kuliko wote.

Ta Zakaria alikuwa kibanjani, anakata majani makavu ya migomba. Alituona tangu mbali na hakuacha kazi. Nilisema yote, na la mlango nikalisema mara mbili.

Akaushusha mundu wake. "Ameondoka na basi la saa moja asubuhi," akasema. Kisha akanitazama mimi, si kwa hasira. "Nilikuuliza mara mbili."

Nimepigwa mara nyingi utotoni, na sikumbuki hata fimbo moja ilivyouma. Maneno yale matatu nayakumbuka.

Tulirudi shuleni saa nane na nusu, msafara mzima, Ta Zakaria nyuma yetu bila mtoto. Afisa aliwaandika wale sita mmoja mmoja. Kisha akahesabu kwa kidole, polepole, kama mtu anayetumaini kuwa amekosea. "Thelathini na wanne," akasema. "Mwalimu, ningependa iwe vingine. Lakini thelathini na wanne si thelathini na watano."

Tata alikuwa amekaa kwenye gogo pamoja na wazazi wengine tangu asubuhi, na Kemi alikuwa amemwambia Naomi alikokwenda. Akasimama. Akapita mbele ya afisa bila kumsemesha, akaenda hadi kwa Ta Zakaria. Watu hawa wawili walikuwa wanasalimiana tu kwenye mizani ya ushirika, siku za kupima kahawa. Kila mmoja alikuwa na kanisa lake na njia yake.

"Zakaria, shangazi wa binti yako anakaa Bilele upande gani?"

"Karibu na soko."

"Na ofisi ya huyu bwana ni mbali na hapo?"

Afisa akajibu mwenyewe. "Kwa miguu, hata robo saa haifiki." Akatazama saa yake. "Nafungua Jumatatu saa moja na nusu. Huyo mtoto akisimama mbele yangu na baba yake kabla ya saa sita mchana, nitamwandika. Baada ya hapo orodha inakwenda kwa mkubwa wangu."

Tata na Ta Zakaria walisafiri Jumapili mchana, kila mmoja baada ya ibada yake. Jumatatu sikula. Nilikaa kando ya barabara kuanzia saa nane, Kemi kando yangu akifuma kikapu ambacho alikifumua na kukianza upya mara tatu. Basi lilipofika, aliyetangulia kushuka ni Naomi, na karatasi mkononi.

Tata aliniita jioni ile. Hakuwa na fimbo. "Nauli mbili kwenda, tatu kurudi," akasema. "Nilimwomba kondakta nusu nauli kwa Naomi. Kasema anayekwenda darasa la tano si mtoto. Kwa hiyo ni viti vitano, kila kimoja shilingi mbili na senti hamsini. Zakaria alitaka kulipa vyake, nimekataa, kwa sababu kosa limetoka nyumbani kwangu. Wewe utanirudishia."

Sikulia wala sikubishana. Nilianza msimu wa kahawa uliofuata. Baada ya wakubwa kumaliza kuchuma kila mti, mimi nilipita chini yake nikiokota buni zilizoanguka, nikizisafisha matope na kuzianika kwenye mkeka wangu mwenyewe, na mama akaniuzia pamoja na zake. Kila nilipopata fedha nilimpelekea tata, naye alizipokea bila kusema asante. Senti hamsini za mwisho nilizipata kwa senene wa Novemba. Aliponiambia, "Sasa tumemalizana," nilitembea siku nzima nikiwa mwepesi.

Mwezi uliofuata yakatoka matokeo yangu mimi ya darasa la nne. Habari ya shule iliyoponea chupuchupu ilikuwa imewaamsha wazazi. Kila nyumba ilitaka mtoto wake asimamiwe asome, na waliofaulu walikuwa wengi kuliko madawati. Nafasi zilikuwa arobaini na tano. Mimi nilikuwa wa arobaini na saba. Shule ya kati haikufungwa, ila mimi sikuingia.

Kemi aliingia, akamaliza, akawa mkunga. Mengine niliyoyajua nimejifunza peke yangu, kwanza kwa madaftari yake na ya Naomi, ambayo walinipa kila muhula ulipokwisha. Naomi akawa mwalimu. Ndiye aliyenijia wiki mbili zilizopita na kahawa ndani ya jani la mgomba. Alikaa, akafungua, akaniwekea punje mbili kiganjani. "Tafuna," akasema, "halafu uniambie habari. Kwa Kiswahili, tafadhali." Tulicheka hadi mbavu zikauma. Kisha akaniuliza jambo ambalo hakuwahi kuniuliza: kama kweli tata alinilipisha zile nauli zote.

Nikamwambia ndiyo, zote. Na nikamwambia lililofuata, ambalo sikuwahi kumwambia mtu. Siku niliyotoka kusoma jina langu ubaoni, chini ya mstari, tata alikuwa ananingoja kwenye mgomba wa kwanza wa kibanja chetu. Hakunipa pole. Alinipa kopo la majani ya chai, zito, akasema, "Nenda na mama yako Bukoba. Ununue kile kitabu chenye maneno yote." Nikalifungua palepale. Zilikuwa sarafu zangu, hata zile zilizokuwa na matope ya kahawa kwenye makali yake. Nilizihesabu mara mbili. Hakuwa ametumia hata senti moja: shilingi kumi na mbili na senti hamsini.